Cub Cadet ya zamani isiyochaji betri: somo kwa wenye trekta za bustani Lubumbashi

Kila mvua zinapokaribia, wenye mashamba ya upande wa Kipushi na Kafubu huniuliza jambo lile lile: trekta imetengenezwa, inawaka vizuri, lakini betri inakufa. Nimeamua kuliandika mara moja. Nazungumzia Cub Cadet za Marekani zilizoanza kutoka mwaka 1961, zenye injini ya Kohler ya silinda moja na dinamo ya Delco-Remy ambayo ndiyo stata pia.

Hatua ya 1. Osha trekta, mwaga mafuta machafu ya injini, weka mafuta mapya ya SAE 30.

Hatua ya 2. Safisha tangi na kabureta. Sindano za kabureta zifungwe kwa vidole tu, kwa maana ukizikaza ncha zake zinaharibika.

Hatua ya 3. Platini za injini, zile zinazokata umeme ili plagi ipige cheche, ziwe na nafasi ya milimita 0.5 zinapofunguka kabisa.

Hatua ya 4. Kwangua rangi mpaka chuma kionekane pale waya wa chasisi na kidhibiti chaji (kisanduku kinachoongoza umeme wa dinamo kwenda betri) vinapofungwa. Rangi mpya inapendeza macho, lakini haipitishi umeme.

Hatua ya 5. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo someni polepole. Dinamo hii haina sumaku ya kudumu. Huanza kutoa umeme kwa usumaku mdogo uliobaki katika vyuma vyake, na usumaku huo ndio unaoamua upande upi uwe chanya. Dinamo ikifunguliwa, au ikikaa miaka mingi bila kuzunguka, usumaku huo unaweza kupotea au kugeuka, na ukigeuka platini za kidhibiti hupiga cheche hadi zinagandana. Basi, nyaya zote zikiwa zimeungwa na injini ikiwa imezimwa, rudisha usumaku kwa umeme wa betri: chukua kipande cha waya, uguse vichwa vya nyaya vya kidhibiti vilivyoandikwa BAT (betri) na GEN (dinamo) kwa pamoja, kufumba na kufumbua, kisha uondoe. Cheche itaruka, nayo ndiyo dalili kwamba umeme umepita. Usiushikilie waya hapo. Usiguse kichwa cha F, utaunguza kidhibiti. Hakikisha kwanza kwamba hasi ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye chasisi. Dinamo za aina nyingine zina njia yake, msiziguse kwa maelezo haya.

Hatua ya 6. Kaza mkanda wa dinamo, kisha ndipo ufunge jembe.

Maswali ya wenye trekta

Swali: Yangu haichaji. Nifanye nini?
Jibu: Hatua ya 4, kisha ya 5. Hukusema umefanya ipi.

Swali: Fundi wangu anasema dinamo imekufa, ninunue nyingine.
Jibu: Amepima? Injini ikienda kasi, volti za betri zinapaswa kupanda kuelekea 14. Sikubali dinamo itupwe bila kipimo, kisha mtu alipe gharama ya kuagiza nyingine kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia.

Swali: Papa fundi, mbona injini yangu ya nguvu za farasi 10 inachoka kuliko inavyoandikwa kitabuni?
Jibu: Umeuliza vizuri, mama. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300. Punguza esansi (petroli) kidogo kwa sindano kubwa ya kabureta, injini ikiwa imepata moto, hadi mlio wake utulie. Tena uangalie miteremko: injini hii haina pampu ya mafuta, kijiko kilicho chini ya fimbo ya pistoni ndicho kinachoyarusha. Mafuta yakipungua au trekta ikiinama sana, kijiko hakiyafikii na fimbo hukatika.

Swali: Na magurudumu yakiteleza kwenye udongo mwekundu uliolowa?
Jibu: Jaza maji katika tyubu za nyuma hadi robo tatu, yaani valvu ikiwa juu, maji yaifikie. Kwenye baridi kali huongeza chumvi ya kalsiamu ili yasigande. Kwetu maji matupu yanatosha, nayo hayali chuma cha rimu ikiwa tyubu ni nzima.