Nyanya Moja, Insha Sita

Nilikulia kwenye nyumba za askari hapa Jinja, ndiyo maana Kiswahili changu kina amri nyingi. Siku yetu ilikatwakatwa na tarumbeta: kuamka, kula, kulala. Niliichukia. Kisha nikawa mwalimu, na mtu wa kunipigia tarumbeta hayupo.

Tangu mtaala mpya wa sekondari wa Uganda ulipoanza mwaka 2020, Kiswahili ni somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili, nasi walimu wake si wengi. Mwaka jana nilikaa mezani na rundo la insha tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Nilisahihisha tisa. Muda uliobaki uliliwa na simu, chai, simu tena, na kutafuta kifuniko cha kalamu ambacho nilikuwa nimekikalia.

Njia iliyonitoa huko ni ya Mwitaliano Francesco Cirillo. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mwishoni mwa miaka ya 1980, alichukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya akaanza kujipimia muda wa kusoma. Kwao nyanya ni *pomodoro*, na njia ikabaki na jina hilo. Unafanya kazi dakika 25, unapumzika 5. Baada ya vipindi vinne unapumzika kwa muda mrefu zaidi, dakika 15 hadi 30. Kuielewa ni rahisi. Kazi ni kuifuata ukiwa kwenye nyumba yenye watu.

Anza na saa, na isiwe simu. Ukishika simu ili upime muda, umemwita mwizi alinde duka. Mimi nilinunua saa ya kuzungusha kwa mkono, ya mtumba, pale soko la Owino, Kampala. Umeme ukikatika, yenyewe inaendelea. Siku mbili za kwanza mlio wake wa tik-tak ulinikera. Sasa nikiusikia mkono unaifuata kalamu wenyewe.

Kabla ya kuizungusha, andika utakachofanya, tena kwa kitu kinachohesabika. Usiandike "kusahihisha". Andika "insha 6". Wiki ya kwanza usijiwekee lengo, hesabu tu unamaliza ngapi. Nilipojua kwamba kipindi kimoja kwangu ni insha sita, rundo la 84 likageuka vipindi 14: vinane leo, sita kesho. Woga wangu wote ulikuwa wa kutojua hesabu hiyo.

Kando ya saa weka karatasi tupu. Mke wangu anaiita karatasi ya shetani. Katikati ya kipindi utakumbuka hujatuma pesa ya karo, au utatamani kujua nani amejibu nini kwenye grupu la ukoo. Usiinuke. Andika neno moja, "karo", urudi kwenye kazi. Kipindi kikiisha isome: mengi utayakuta yamekufa yenyewe, na yaliyo hai yatapata muda wake. Ukiamua kuchukua kitu kimoja tu katika haya yote, chukua karatasi hii, hata kama saa huna.

Sasa wageni. Mzee akipiga hodi huwezi kumwambia, "Shikamoo, ngoja dakika kumi na moja." Utamkaribisha, utaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za shamba, na wewe utauliza za kwake. Basi kipindi hicho kimekufa, kizike. Cirillo mwenyewe anasema kipindi hakigawanyiki: hakuna nusu nyanya. Mgeni akiondoka, zungusha saa upya kutoka 25. Watoto wana sheria yao: hawasemi nami mpaka ilie. Kitinda mimba wangu huja kusimama mlangoni akiitazama tu, na mara mbili nimemkamata akiisogeza mbele.

Mapumziko ni ya mwili. Simama, kanywe maji, kaongeze maji kwenye maharagwe yaliyo kwenye sigiri, zunguka mfenesi. WhatsApp usiifungue, utaipa dakika tano, itachukua arobaini. Baada ya kipindi cha nne mimi hutoka hadi njia panda, nikala rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, nikiwasikiliza vijana wa bodaboda wakibishana kuhusu mpira.

Kuna kazi ambazo 25 haizifai. Nikitunga mtihani, saa hulia ndipo kichwa kinapata moto, kwa hiyo huko natumia 45 kwa 10. Sioni dhambi yoyote. Kwa kazi ya kurudiarudia kama kusahihisha, ishirini na tano inatosha kabisa.

Muhula huu insha 84 nilizimaliza siku ya pili, saa kumi jioni. Ya mwisho ilikuwa ya msichana aliyeandika jinsi bibi yake anavyokausha mukene, yaani dagaa, kando ya ziwa, na ndege wanavyomwibia. Saa ililia nikiwa katikati ya ukurasa wake wa pili. Niliiacha ilie.