Risiva ya kuchonga au ya bati? Nilivyomwambia mpwa wangu kabla hajanunua AK fupi

Mpwa wangu yuko Texas miaka sasa. Juzi usiku nimeshafunga mlango akanipigia simu ya video, kwao bado mchana, yuko ndani ya duka la bunduki kashika ile AK fupi isiyo na kitako ambayo kule sheria yao inaiita bastola, ati "Mjomba, wewe fundi wa chuma, hii yenye risiva ya kuchonga na hii ya bati nichukue ipi, mbona bei zimepishana hivi?" Mie kazi yangu leth na milingi, mashini za kuchonga chuma, hapa Shimanzi, bunduki si fani yangu, lakini chuma ni chuma, na haya maswali nimeulizwa na wengine pia walio huko kwa hivyo naandika mara moja iishe.

Kabla sijaendelea, wewe uliye Mombasa soma tu kama hadithi ya chuma, usitafute. Sheria ya Silaha Sura ya 114 haina mchezo, hata risasi moja mfukoni bila leseni ni kesi. Na wewe uliye Marekani, ile ni bastola kwa sababu haina kitako, ukiifunga kitako na mtutu uko chini ya inchi 16 inageuka bunduki fupi ya kusajiliwa kwa sheria yao ya 1934, kwa hivyo usifunge kitu kwa kusikia maneno ya barazani.

Haya, risiva ni ile sanduku ya katikati, ndani yake bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, inakwenda mbele na nyuma, magazini inaingia chini, mtutu umeshikwa mbele. Kuna njia mbili za kuitengeneza. Ya kuchonga unachukua kipande kizima cha chuma unakila kwa mashini mpaka kibaki umbo. Ya bati unachukua shiti, unaipiga kwa presi, unaikunja iwe kama mfereji, halafu unapigilia kwa riveti vipande viwili vizito, kimoja mbele kimoja nyuma. Hicho cha mbele kinaitwa tranioni na ukisahau yote niliyoandika hicho usisahau.

Juzi kati nilichonga breketi ya injini ya boti kutoka kwa bloku, mteja alitaka kitu cha kizima kizima, nikamaliza siku nzima na nikifagia chini naona chuma nilichotupa ni kingi kuliko nilichomkabidhi, yale manyoya yamejikunja mpaka kwenye ndala. Ndio gharama ya kuchonga hiyo, unalipia saa za mashini na chuma kilichokwenda kwa mtu wa skrepa. Haimaanishi breketi ya shiti ya milimita tano iliyochomelewa vizuri ingevunjika.

Warusi wenyewe walizunguka hapo hapo. AK ya kwanza iliyoingia jeshini 1949 ilikuwa ya bati, watu wengi hawajui, wanadhani ya kuchonga ndio ya asili. Kiwanda kule Izhevsk kikashindwa, shiti zinapinda, zinazokataliwa ni nyingi, ikabidi kuanzia 1951 wachonge kwanza huku wanajifunza kazi ya presi. 1959 ikatoka AKM, AK iliyoboreshwa, bati la milimita 1 tu, na bunduki ikapungua karibu kilo moja, si risiva peke yake iliyopunguzwa lakini mchango wake mkubwa. RPK, ndugu yake mzito ambayo ni ya kufyatua kwa wingi, wakaipa bati la milimita 1.5, hawakurudi kuchonga. Na ile G3 unayoiona kwa askari nje ya benki hapa mjini, hiyo nayo ni bati la kupigwa presi, ina umri kuliko askari mwenyewe.

Kujua ipi ni ipi dukani huhitaji kufungua kitu. Angalia ubavuni juu ya tundu la magazini. Ukiona kibonyeo kidogo kama mtu kapiga kwa kidole gumba, na vichwa vya riveti mbele na nyuma, hiyo bati. Ukiona mfereji mrefu wa mstatili umechimbwa, riveti za mbele na nyuma hakuna, hiyo ya kuchonga. Kwa hizi AK fupi, Draco ya Romania ni bati, SAM7K ya kiwanda cha Arsenal cha Bulgaria ni ya kuchonga, ndio maana bei zimeachana.

Sasa uzuri wa kila moja. Ya kuchonga haitikisiki, bolti inateleza kama droo ya kabati la mninga, na kukaa kwake mkononi kunapendeza siwezi kubisha. Lakini ni nzito, na hii ni bastola yakhe, huna kitako cha kupunguzia mzigo, uzito wote uko kwa mikono. Nilimwambia ishike mkono umenyooka tuhesabu mpaka sitini, alifika arubaini akaishusha. Halafu vipuri, mbao na kitako cha ya kuchonga haviingiliani na vya bati, na vya bati ndio vimejaa sokoni. Wanaosema ya kuchonga inalenga zaidi mie sioni inatoka wapi, shabaha iko kwa mtutu, na mtutu kwenye bati umeshikwa na tranioni, bati lenyewe halibebi ule mlipuko, bolti inajifunga kwa tranioni.

Kwa hivyo swali la kuuliza muuza duka ni hili: tranioni imefuliwa, yaani chuma cha moto kilichopondwa, au imemiminwa, yaani chuma kilichoyeyushwa kikatiwa kwenye kalibu? Ya kumiminwa ikiwa kazi mbovu ina vitundu ndani huvioni, siku moja inapasuka, na uso wako uko inchi chache tu. Ya kufuliwa chukua hata kama bati ni la milimita 1. Akikwambia sijui, rudisha mezani.

Baada ya hapo tazama riveti moja moja, kichwa kiwe duara kimelala sawa, ukucha usiingie chini yake. Tazama mtutu kutoka nyuma, ile saiti ya mbele ya kulengea isiwe imelala upande. Mpwa aligeuza kamera, ya kwanza riveti ya kushoto imepigwa kombo kama msumari wa mtoto, nkamwambia acha. Ya pili ilikuwa safi, na ni ya bati, akachukua hiyo, na zile pesa zilizobaki akanunua risasi za mazoezi. Nimemwambia akimaliza mia mbili za kwanza anitumie picha ya rangi inayozunguka riveti, ikiwa imepasuka kama ganda la yai basi zinacheza, airudishe kabla waranti haijaisha.