Hisabati ya darasa la sita: anza na sehemu, mengine yatafuata

Mwaka wa shule ukianza, swali ninaloulizwa sana na wazazi hapa Moshi ni hili: "Mwalimu, mtoto kaingia la sita, tuanzie wapi?" Wengi wanategemea niwatajie kitabu cha kununua. Mimi huwajibu neno moja: sehemu.

Fungua daftari la mtoto wa la sita utakuta MAGAZIJUTO (mpangilio wa matendo: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika), sehemu, desimali, asilimia, uwiano, namba kamili, aljebra, maumbo, vipimo na takwimu. Ni mengi, na mtoto anayedhani kila mada inasimama peke yake hukata tamaa mapema. Ukweli ni kwamba sehemu, desimali, asilimia, uwiano na hata mwendokasi ni ukoo mmoja. Tena Sera ya Elimu toleo la 2023 inaifanya elimu ya msingi kuwa miaka 6 badala ya 7, kwa hiyo ile desturi ya kusema "atarekebisha akifika la saba" haina maisha marefu.

Hatua ya 1: Mpime kabla hujamfundisha

Mpe maswali manne tu, bila kikokotoo, na usimsaidie.

½ + ⅓
Ipi kubwa, 0.5 au 0.35?
20 − 4 × 3
10 − 4 + 3

Majibu yake yakikosewa ndiyo yenye habari. Akiandika 2/5 kwenye la kwanza, amejumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili (namba ya chini) kwa asili. Hajui bado kwamba nusu na theluthi ni vipande vya ukubwa tofauti. Akisema 0.35 ni kubwa kwa sababu 35 inaizidi 5, anasoma desimali kama namba nzima. Mwandikishe 0.50 na 0.35, moja chini ya nyingine, ataona mwenyewe. La tatu jibu ni 8. Akipata 48 ametoa kwanza, ndipo akazidisha.

La nne huwanasa hata wanafunzi wazuri. MAGAZIJUTO inasema JU kabla ya TO, basi mtoto anajumlisha 4 na 3 anapata 7, kisha 10 − 7 = 3. Jibu sahihi ni 9. Mfundishe kwamba kila namba hutembea na alama iliyo kushoto kwake: ile 4 ina alama ya kutoa, hairuhusiwi kuiacha nyuma. Jumlisha 10 na 3 upate 13, toa 4, inabaki 9. Au aende kushoto kwenda kulia, jibu ni lile lile.

Hatua ya 2: KDS, kwa ajili ya kujumlisha

Usikae sana hapa. Mtoto ajue KDS inamtafutia asili moja inayozifaa sehemu zote mbili. 3/8 + 5/12: KDS ya 8 na 12 ni 24, kwa hiyo 9/24 + 10/24 = 19/24. Kama jedwali la kuzidisha bado linamsumbua, simama, mrudishe huko wiki nzima. Bila 7 × 8 kutoka kichwani, kila swali la la sita linakuwa refu mara mbili.

Hatua ya 3: Kugawanya sehemu kwa sehemu

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko pengine pote. Shuleni mtoto hukaririshwa "geuza ya pili, kisha zidisha". Anapata vema, lakini mwezi ukipita anageuza ya kwanza, au anageuza zote mbili, na hana njia ya kujua amekosea.

Chukua jagi lenye maji robo tatu ya lita na kikombe cha 1/8 ya lita (mililita 125, pima kwa chupa ya dawa yenye mistari kama huna kingine). Muulize: vikombe vingapi vitajaa? Amimine kweli, asikisie. Vitajaa 6. Sasa karatasini: 3/4 ni sawa na 6/8, na ndani ya 6/8 kuna 1/8 mara 6. Hakuna kilichogeuzwa bado. Halafu mwonyeshe kwamba 3/4 × 8 = 24/4 = 6, jibu lile lile.

Kisha mpe 4 ÷ 2/3. Chora mikate 4, kila mmoja ukatwe theluthi. Zimekuwa theluthi 12. Hiyo ndiyo kuzidisha kwa 3. Zifunge mbilimbili, mafungu 6. Hiyo ndiyo kugawanya kwa 2. Kuzidisha kwa 3 na kugawanya kwa 2 ni kuzidisha kwa 3/2. Mtoto akikueleza hilo kwa mdomo wake, mada imeingia. Akikupa jibu bila maelezo, mimina maji tena.

Hatua ya 4: Asilimia na biashara

Andikeni jedwali dogo nyuma ya daftari: 1/2 = 0.5 = 50%, 1/4 = 0.25 = 25%, 1/5 = 0.2 = 20%, 1/8 = 0.125 = 12.5%. Alijue kama anavyojua jina lake.

Baada ya hapo twende Mbuyuni sokoni. Bei nazitunga tu, maana za kweli hubadilika kabla ya jioni. Mama kanunua gunia la karoti kwa shilingi 60,000, kaliuza 75,000. Faida ni 15,000. Asilimia ya faida? Watoto wengi hugawanya kwa 75,000 wanapata 20%. Faida hupimwa kwa pesa iliyotoka mfukoni, yaani bei ya kununulia: 15,000/60,000 × 100 = 25%.

Swali jingine ninalolipenda: bei ya 60,000 ikapanda kwa 10%, kisha ikashuka kwa 10%. Imerudi pale pale? Karibu wote hujibu ndiyo. Fanyeni hesabu: imepanda hadi 66,000, na 10% ya 66,000 ni 6,600, kwa hiyo imeshuka hadi 59,400. Mtoto ajizoeze kuuliza "asilimia ya nini?" kabla hajashika kalamu.

Hatua ya 5: Mwendokasi na muda

Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80. Gari likitumia saa 1 na dakika 20, mwendokasi wake ni upi? Kosa la kawaida ni kuandika 80 ÷ 1.20. Dakika 20 si 0.20 ya saa. Ni 20/60, yaani theluthi. Basi ni 80 ÷ 4/3 = 80 × 3/4 = kilomita 60 kwa saa. Mnaona ile hatua ya tatu imerudi.

Hatua ya 6: Yaliyobaki

Namba kamili si ngumu kwa mtoto anayeuona mlima Kilimanjaro kila asubuhi. Tuseme mjini ni nyuzi 28 na kileleni Uhuru, mita 5,895, ni −7. Tofauti? 28 − (−7) = 35. Apande kutoka −7 hadi sifuri, kisha hadi 28.

Maumbo: mfuniko wa sufuria wenye kipenyo cha sm 28, uzungushie uzi, upime uzi kwa rula. Utakaribia sm 88, ambayo ndiyo 22/7 × 28. Eneo ni 22/7 × 14 × 14 = sm² 616. Angalieni asichanganye kipenyo na nusu kipenyo, basi.

Aljebra ya la sita ni nyepesi. 3x + 5 = 20: toa 5 pande zote, gawanya kwa 3, x ni 5. Jioni mbili zinatosha.

Hatua ya 7: Swali moja la kupima yote

Mama Asha kanunua lita 4½ za maziwa kwa shilingi 7,200. Anayajaza kwenye chupa za ¾ lita na kuuza kila chupa 1,500. Amepata faida ya asilimia ngapi?

Chupa ni 9/2 × 4/3 = 6. Mauzo 9,000, faida 1,800, na 1,800/7,200 ni 25%. Akikwama kwenye idadi ya chupa, rudini hatua ya 3. Akipata 20%, rudini hatua ya 4.