Kupokea huruma kwenye kitubio, na kuitoa ukirudi nyumbani

Foleni ya kitubio, yaani ya kuungama dhambi kwa padre, ikiwa ndefu, hasa Juma Kuu, wengi huanza kutafuta dhambi zao wakiwa wamesimama. Hapo ndipo ungamo linapoharibika: mtu anafika na "nimekosa kwa mawazo, maneno na matendo", na padre hana pa kushika. Tenga robo saa nyumbani, usiku wa kuamkia siku hiyo. Pita Amri Kumi moja baada ya nyingine, na ujiulize pia juu ya mema uliyoacha kutenda. Dhambi za mauti, yaani zile nzito ulizotenda kwa kujua na kwa kutaka, hutajwa kwa aina na idadi. Kama idadi imekutoka, "karibu kila wiki kwa miaka 2" inatosha.

Ukishapiga ishara ya msalaba, sema: "Nibariki Padre, kwa kuwa nimekosa," kisha taja ni lini uliungama mara ya mwisho. Ungama ya kwako tu. Ya mume, ya mama mkwe na ya bosi yaache nje. Anayeyasimulia ameshaanza kujitetea. Ukificha dhambi ya mauti kwa makusudi, ungamo zima ni batili, pamoja na zile ulizotaja. Uliyosahau kweli imeondolewa, ila itaje safari ijayo. Usiogope ya kesho: padre amefungwa na siri ya kitubio, hata mbele ya hakimu. Malipizi, yaani tendo la toba analokupa padre, yakiwa ni sala, yatimize kabla hujatoka kanisani, kwani yakiahirishwa husahaulika.

Ondoleo la dhambi halifuti wajibu wa kurudisha. Ulichoiba kinarudi kwa mwenyewe. Amefariki? Wape warithi wake. Hajulikani? Wape maskini. Kama kujitaja kutazua balaa, padre anaweza kufikisha fedha bila kutaja jina. Uongo ulioutupa kwenye kundi la WhatsApp urekebishe kwenye kundi hilohilo, wala si kwa kumnong'oneza mtu mmoja pembeni.

Sasa zamu ya kutoa. Soma Mathayo 18:23-35 ukiwa na kalamu. Dinari 1 ilikuwa kibarua cha siku, na talanta 1 huhesabiwa kuwa dinari kama 6,000. Mtumwa wa mfano huo alisamehewa na mfalme deni la talanta 10,000, yaani vibarua vya siku milioni 60. Mwenzake alikuwa anadaiwa na mtumwa huyo dinari 100, mshahara wa miezi mitatu na zaidi, na hakusamehewa. Wahubiri hupenda kuziita hizo pesa ndogo, lakini jaribu kumsamehe mtu mshahara wako wa miezi mitatu! Inauma, na Yesu hakusema haiumi.

Kwa hiyo samehe kitu kinachotajika. Ni deni la daftari dukani? Taja kiasi, mwite mdaiwa, kata mstari akiona. Huwezi kulifuta lote? Punguza, au ongeza muda. Ni maneno? Epuka "yaishe". Mara nyingi "yaishe" ni kuchoka ugomvi tu. Kosa linabaki palepale, na litatajwa tena kwenye msiba ujao. Sema, "Ulinitukana mbele ya watoto. Nimekusamehe." Anayeomba naye aondoe neno "kama": "samahani kama nimekukwaza" humrudishia mzigo aliyeumizwa.

Nenda peke yako kwanza, kama Mathayo 18:15 inavyoagiza. Wakishindwa wawili, ndipo waitwe mmoja au wawili wengine. Kosa la mara kwa mara ni kuipeleka kesi kwenye jumuiya ndogondogo, kikundi cha sala cha waumini majirani, kabla ya kumwona mhusika: akiaibishwa mbele ya majirani, atatetea uso wake kuliko ukweli.

Kusamehe si kurudi penye kipigo. Anayepigwa ahame kwanza, atoe taarifa polisi. Kusamehe kutafuata, hata kukichukua miaka. Na ukiomba msamaha ukakataliwa, usigande mlangoni. Lipa unachodaiwa, mtaje kwa jina kwenye sala, na ukikutana naye njiani msalimie wewe kwanza, hata kama haitikii.