Mzee mwenye dimenshia akipotea: jinsi familia, polisi kata na zahanati wanavyojipanga mapema

Mtoto aliyepotea huenda akalia na kukimbilia watu. Mzee mwenye dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, hutembea kama mtu anayejua aendako: anakwenda shamba aliloliuza miaka 30 iliyopita, au kwa mama yake aliyekwisha kufariki. Husonga mbele mpaka azuiwe na mtaro, kichaka au senyenge, na hapo hunasa. Ukimwita anaweza asiitike hata ukiwa hatua kumi kutoka alipo. Kwa hiyo msako unaotegemea kuita jina humpita, na kazi kubwa inabidi ifanyike kabla hajatoweka.

Anzeni na karatasi moja. Polisi wa Uingereza, wakianzia Norfolk, wana fomu ya namna hii iliyopewa jina la George Herbert, askari wa zamani aliyepigana Normandy, Ufaransa, katika Vita Kuu ya Pili, aliyekuwa na dimenshia na aliyefariki akiwa ametoka kutafuta nyumba ya utotoni mwake. Haihitaji mfumo wowote wa kompyuta, hata daftari la shule linatosha. Andikeni jina la kwenye kitambulisho na jina analoitikia, kwa sababu bibi aliyeitwa Mama Zuhura miaka 50 huenda asigeuke akiitwa Mwanahawa. Andikeni lugha anayorudia akichanganyikiwa, maana wengi hupoteza Kiswahili kwanza wakabaki na lugha ya kwao. Kisha makovu, chale, meno yaliyobaki, dawa anazotumia na saa zake, kama anaona na kusikia vizuri, anachokiogopa (mbwa, sare, kelele) na kinachomtuliza. Sehemu inayosaidia zaidi kwenye msako ni ile ya maeneo: alikozaliwa, alikofanya kazi, soko, msikiti au kanisa, makaburi ya ndugu, na kituo cha daladala alichozoea.

Picha ziwe mbili, ya uso na ya mwili mzima, zilizopigwa ndani ya miezi sita. Picha ya kitambulisho cha miaka kumi iliyopita humfanya konda aape kwamba hajamwona mzee huyo, wakati alishuka kwenye gari lake.

Alama moja ya mwilini mwake msiiandike popote. Tangazo likishasambaa WhatsApp, watapiga simu watu wanaosema wamempata na wanataka watumiwe nauli kwanza. Anayedai hivyo aulizwe alama hiyo, au aseme yuko kituo gani cha polisi.

Toeni nakala nne: moja nyuma ya mlango wa nyumbani, moja kwa mwenyekiti wa mtaa au balozi wa nyumba kumi, moja kwa polisi kata, moja kwenye faili la zahanati. Kama mzee bado anaelewa, mwombeni ridhaa mapema. Siri za ugonjwa wake ni zake. Nakala ya mtaani haihitaji majina ya magonjwa mengine. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita kaya kwa kaya ndiye mtu mzuri wa kuihakiki kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu namba za simu za watoto walio mbali hubadilika na hakuna anayekumbuka kuzirekebisha.

Akitoweka, dakika 15 za kwanza ni za nyumbani: chooni, stoo, uvunguni, bandani, nyuma ya kila mlango. Asipoonekana, mpigieni polisi kata au 112 papo hapo. Ile imani ya kusubiri saa 24 isiwacheleweshe kwa mgonjwa huyu. Jua, kiu na barabara havisubiri. Kituoni ombeni namba ya RB (ya kumbukumbu ya taarifa yenu) na mseme wazi kwamba ana dimenshia, aliondoka saa ngapi, amevaa nini, ameshika nini. Mtu mmoja abaki nyumbani na simu iliyojaa chaji.

Wanaotafuta wagawane njia, wakianza na pale alipoonekana mara ya mwisho. Watumie macho kuliko sauti: ndani ya mapagala, kwenye migomba, mitaroni, chini ya vichaka kandokando ya njia. Wakati huohuo mtu mmoja apite vijiwe vya bodaboda na stendi, maana mzee aliyepanda gari amekwisha kutoka nje ya duara lenu.

Kuna hatari ambayo mikoa yetu inaijua vizuri. Bibi mwenye dimenshia anaweza kuvua nguo kwa joto au kwa kudhani yuko kwake, akatembea usiku, akakutwa alfajiri uani kwa watu akinong'ona peke yake. Mtaani atasemwa ni mchawi aliyedondoka na ungo. Kanda ya Ziwa akina mama wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Kwa Sheria ya Uchawi ya Tanzania, kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa. Polisi kata na muuguzi waseme haya pamoja kwenye mkutano wa mtaa, kabla ya tukio, na walinzi wa ulinzi shirikishi wafundishwe la kufanya: kwanza kanga ya kumsitiri, pili kuwasogeza watu nyuma, tatu kupiga simu.

Mzee akipatikana, azungumze naye mtu mmoja tu, akitokea mbele, bila tochi usoni. Achuchumae na aseme, "Shikamoo bibi." Salamu ni kati ya vitu vinavyobaki hata mengi yakishasahaulika, na mara nyingi atajibu "marahaba" akatulia. Swali liwe moja kwa wakati mmoja, kisha msubirini kimya kama sekunde kumi. Akisema anakwenda kwa mama yake msibishane naye. Mwambieni mtakaa kidogo mnywe maji kwanza. Pingu na kumshika mkono kwa nguvu humfanya apigane.

Siku hiyohiyo apelekwe zahanati, hata akionekana mzima. Apimwe joto, presha, sukari, malaria na mkojo, akaguliwe nyayo na kichwa. Kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla, ndani ya saa au siku chache, mara nyingi kuna chanzo kingine kinachotibika: maambukizi, upungufu wa maji, sukari kushuka. Kama alianguka wiki zilizopita, damu inaweza kuwa inavuja taratibu ndani ya fuvu, hivyo apewe rufaa. Pelekeni dawa zake zote kwenye mfuko. Vidonge vya mafua vyenye chlorpheniramine, pia amitriptyline na diazepam, huzidisha kuchanganyikiwa kwa wazee. Kama amepigwa, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi) ichukuliwe, lakini aliye mahututi atibiwe kwanza.

Wengine baada ya hapo humfungia kwa kufuli. Moto ukiwaka hatatoka. Afadhali kengele mlangoni, komeo lililowekwa juu kuliko anapozoea kutazama, na matembezi na mtu saa kumi alasiri, kabla ya ule wasiwasi unaowapata wengi jua likizama.

Futeni tangazo kwenye makundi yote mliyolituma. Kisha ongezeni kwenye nakala zote nne mahali alipopatikana, njia aliyopita na saa, kwa sababu akitoka tena huenda akaelekea hukohuko.