SOMO: Kumfundisha mtoto wa darasa la kwanza asome, si aimbe

Walimu wenzangu, habari za kazi. Pita nje ya darasa la kwanza shule nyingi hapa Tanzania utasikia "ba be bi bo bu" ikiimbwa kwa sauti moja, inapendeza kweli. Sasa ingia ndani, futa mstari wote, andika *bo* peke yake, kisha umsimamishe mmojammoja. Wengi wataanza kuhesabu kimoyomoyo kutoka *ba* mpaka waifikie. Hao wameshika wimbo. Mtaala wa 2015 uliweka KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) mbele kwa darasa la kwanza na la pili, lakini K ya kwanza haitafika kwa kuimba.

Hatua ya 1: Masikio kwanza. Kabla ya chaki, cheza na sauti. "Meza, maji, mkono: yote yanaanza na sauti gani?" Wapige makofi kwa silabi: ka-la-mu, makofi matatu, m-tu, mawili. Hiyo *m* inayosimama peke yake waisikie mapema, itawasumbua baadaye kwenye kuandika.

Hatua ya 2: Sauti ya herufi, si jina lake. Anza na irabu tano. Zikikaa vizuri, mtoto tayari anasoma maneno: *ua, oa, au*. Kisha leta konsonanti unayoweza kuivuta: mmmm. Usiseme "ma" wala "em", maana mtoto aliyefundishwa "em" akikutana na *m* na *a* atakwambia "ema", na ana haki.

Hatua ya 3: Kuunganisha. Hapa ndipo pa kukaa, msipaharakishe. Shika kadi ya *m* mkono mmoja na ya *a* mkono wa pili, zisogeze polepole huku sauti ikivutwa: mmmm-aaa, *ma*. Badilisha irabu bila mpangilio: *mu, mi, mo, ma, me*. Ukifuata a-e-i-o-u umerudi kwenye wimbo.

Halafu nenda kwenye maneno siku hiyohiyo. Kiswahili kimetupendelea hapa. Kwa *m* na irabu peke yake unapata *mama, mimi, uma, mia, maua, umeme*. Unapata hata sentensi nzima: *Mama ameumia.* Uliza mara moja: nani ameumia? Anayejibu amesoma na kuelewa, akiwa na konsonanti moja tu.

Ongeza konsonanti mojamoja: *k, t, l, n, s*. *B* na *d* zitenganishe kwa wiki kadhaa.

Hatua ya 4: Herufi mbili, sauti moja. *Ch, sh, ny, th, dh, gh*, baada ya silabi za kawaida kukomaa. *Ng'* ya ng'ombe na *ng* ya ngoma zifundishwe kwa kulinganisha, watoto wasikie tofauti kabla ya kuiona.

Hatua ya 5: Sikiliza mtoto mmojammoja. Wachache kila siku, maneno matano tu, andika kwenye daftari. Kiitikio cha darasa zima huwaficha wasiojua.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Darasa langu lina watoto zaidi ya mia. Kadi nitatoa wapi?

Jibu: Marahaba. Kata maboksi ya dukani, au okota vizibo vya soda uandike herufi juu. Wapange wawiliwawili, mmoja atunge neno kwa vizibo, mwenzake alisome. Wewe zunguka.

Swali: Watoto wangu nyumbani wanaongea Kisukuma. Wanasoma vizuri ila maana hawajui.

Jibu: Neno litangulie kwa mdomo na kwa kitu chenyewe: shika karatasi, itaje, waitaje, ndipo uiandike. Na mtoto akisoma "kalatasi", usimwandikie kwamba hajui kusoma. Ameisoma. Matamshi mrekebishe taratibu, bila kuchekwa na wenzake.

Swali: Mimi ni mzazi. Mwanangu anamaliza ukurasa wote, nikifunika picha anakwama.

Jibu: Amekariri, mama. Mwonyeshe neno la katikati, kisha la mwisho. Au andika maneno hayohayo kwenye karatasi kwa mpangilio mwingine. Usimgombeze, kumbukumbu yake ni nzuri na itamsaidia akishashika sauti.

Swali: Nina mwanafunzi wa darasa la pili bado anachanganya *b* na *d*.

Jibu: Ni kawaida kwa umri huo. Shika *b* peke yake kwanza: aichore mchangani kwa kidole huku akiitamka, aitafute kwenye ukurasa na kuizungushia duara. *D* isubiri hadi *b* asiikosee tena. Pia mketishe mbele kwa siku kadhaa. Akianza kusoma ubao vizuri kuliko alivyokuwa nyuma, zungumza na mzazi wake apimwe macho.