Kupata kazi ya saa isiyokatika Upwork

Kwenye Upwork, soko la mtandaoni la kazi za kujitegemea, wengi hutuma maombi 50 wakitumaini wingi utawabeba. Mkataba wa saa, yaani wa kulipwa kwa kila saa unayofanya kazi, hudumu pale mteja anapokuwa na kazi inayojirudia kila wiki: kujibu barua za wateja wake, kuingiza miamala kwenye vitabu, kuhariri video. Mtafute huyo.

1. Chuja. Chagua kazi za kulipwa kwa saa, muda zaidi ya miezi 6, na mteja aliyethibitisha njia ya malipo. Asiyethibitisha mruke, hata kama tangazo lake linavutia.

2. Soma historia ya mteja. Kila ombi linakula Connects, yaani tokeni za kuombea kazi, na ukizinunua ni dola 0.15 kila moja, kwa hiyo dakika tano za kusoma zinakulipa. Tazama mikataba yake ya nyuma. Kama yote iliishia saa 2 au 3, nawe utaishia hapo hapo. Ukiona mmoja wenye saa 400, huyo anajua kukaa na mtu. Angalia pia wastani anaolipa kwa saa; hatauongeza mara mbili kwa ajili yako.

3. Panga bei kwa kurudi nyuma. Tuseme unataka dola 300 mkononi kwa wiki, ada ya Upwork ni asilimia 10, na saa za kulipwa ni 25. Gawa 300 kwa 0.9, kisha kwa 25: dola 13.33 kwa saa. Usihesabu saa 40, maana kutafuta kazi na kuandika maombi hakulipwi.

4. Andika ombi. Kwenye orodha yake mteja huona mistari ya mwanzo tu. Salamu ndefu inaila nafasi hiyo. Anza na tatizo lake na namna utakavyolishughulikia, kisha muulize kazi hiyo huchukua saa ngapi kwa wiki. Jibu lake litakuonyesha kama kuna kazi ya kudumu au la.

5. Kabla ya kukubali mkataba, tazama kikomo cha saa kwa wiki. Ukizidisha, saa za ziada hazilipwi. Anayetaka mhamie WhatsApp kabla ya mkataba, au akuombe ada ya mafunzo, ni tapeli.

6. Rekodi saa kwa programu ya kompyuta ya Upwork. Hapa ndipo watu hupoteza pesa. Programu hupiga picha ya skrini wakati wowote ndani ya kila dakika 10 na kuhesabu mibofyo ya kibodi na kipanya. Saa ulizoingiza kwa mkono hazina ulinzi wa malipo. Mteja akizikataa, huna pa kushika. Andika maelezo mahususi: “kulinganisha ankara za Machi”, si “kazi”. Unaposoma nyaraka ndefu mibofyo hushuka, kwa hiyo litaje hilo kwenye maelezo. Ukienda kula, zima programu. Picha ya skrini isiyohusu kazi ifute, ingawa dakika zake 10 zinaondoka nayo.

7. Jua kalenda ya pesa. Wiki huanza Jumatatu na kufungwa Jumapili usiku wa manane, kwa saa za UTC, yaani saa ya kimataifa. Mteja hupewa siku za kukagua, na pesa hufunguka siku 10 baada ya wiki kufungwa. Ukianza Jumatatu tarehe 1, utazigusa Jumatano tarehe 17. Uwe na akiba ya wiki tatu.

8. Ongeza saa. Ukigonga kikomo wiki mbili mfululizo, mwandikie mteja Alhamisi, kazi ikiwa bado mezani, umtajie kilichobaki na saa kinazohitaji. Ombi la “naomba saa zaidi” peke yake hujibiwa kwa kimya.